Usikate Upande Wenye Rangi

Kila asubuhi nilikuwa najikwaa. Natoka nyumbani na birika la chai, navuka uwanja, naingia karakana yetu. Kabla sijasema "chai tayari," kidole cha mguu kimeshagonga chuma.

"Munesh!" napiga kelele. "Chuma hiki kinafanya nini mlangoni?"

"Kimepumzika," anajibu mume wangu. Hata kichwa hainui kutoka kwenye mashine yake.

Huyo ndiye Munesh, fundi wa kukereza vyuma hapa Lautoka, mji wetu wa bandari kisiwani. Mletee pini ya behewa la miwa iliyovunjika, atakutengenezea nyingine nzuri kuliko ile ya kwanza. Sifa hiyo simnyimi. Lakini alikuwa na tabia moja ya kunitoa roho. Hatupi kitu, hauzi kitu.

Kazi ikitaka kipande cha urefu wa mkono, yeye hununua chuma kizima, kirefu kuliko gari. Si kosa lake, maana muuzaji hauzi nusu. Kazi ikiisha, kilichobaki kinaegemezwa ukutani. Kinakuja kingine, nacho kinaegemezwa. Mwishowe ukuta wote ukawa chuma, dirisha likazibwa, na mlango ukawa unafunguka nusu.

"Akiba haiozi," husema.

"Haiozi, lakini inavunja watu vidole," namjibu.

Mimi naitwa Premila. Najibu simu, napokea wateja, na napigana na Munesh. Hiyo kazi ya tatu ndiyo inayonichosha.

Nikamwambia auze. Hapa kwetu karakana zinategemeana. Chuma kinakuja kwa meli kutoka ng'ambo. Ukikosa kipande leo, meli haitakimbia kwa ajili yako. Unampigia simu mwenzako: "Una shaba, unene wa ngumi?" Akiwa nayo, anakuuzia masalio yake. Au mnabadilishana, yeye anakupa shaba na wewe unampa chuma. Kesho atakupigia yeye. Karakana ndogo kama yetu, ikitengwa na wenzake, haimalizi msimu wa miwa. Itafungwa.

Basi mwaka jana Munesh akakubali kuuza kipande kimoja. Nilishangilia! Kilikuwa kirefu, kinang'aa, cha stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Alikiuza kwenye karakana ya boti kule bandarini. Mwenye karakana hiyo ni Apisai. Lakini anayetunza stoo ni dada yake, Losalini, na bila Losalini hata msumari hauingii pale.

"Kaka Munesh, hii ni stenlesi ya baharini?" Losalini aliuliza.

"Ya baharini, dada."

"Una hakika?"

"Aa, dada, si unaona kinavyong'aa?"

Apisai alikitengeneza kuwa shafti, ule mhimili unaozungusha pangaboi la boti. Boti ikarudi kubeba abiria kwenda visiwa vya Yasawa. Miezi ikapita. Sisi tukasahau.

Siku moja simu ikalia. Ilikuwa Losalini. Hakusalimia.

"Mwambie mumeo aje. Sasa hivi."

Tulikwenda wote wawili. Shafti ilikuwa mezani, imekatika vipande viwili. Pale ilipokatika, chuma kilikuwa kimeliwa matundu kama jino bovu.

"Imekatika katikati ya bahari," Losalini alisema. "Boti imeelea na watu tangu mchana mpaka jua linazama. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mama yangu alikuwemo. Alikuwa anakwenda kumzika kaka yake. Alipofika, kaburi limeshafukiwa."

Nilijisikia vibaya mno. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamtazama mume wangu aseme neno. Na yeye akasema nini? Akasema:

"Lakini kilikuwa kinang'aa."

Jamani! Kuna wakati mtu unatamani kumziba mumeo mdomo kwa mkono wako mwenyewe.

"Kinang'aa!" Losalini alisema. "Sufuria nayo inang'aa. Niifanye shafti? Sikiliza. Kuanzia leo chuma chako hakiingii hapa, na changu hakiendi kwako."

Habari ilisafiri. Ilifika mji wa Nadi, ikafika na Ba. Msimu wa miwa ukaanza, na mkulima mmoja akatuletea bushi ya trela, ile pete inayoshika ekseli, imelika. Kazi ilitaka shaba. Shaba hatukuwa nayo. Nikampigia simu fundi wa Ba.

"Pole, mama, hatuna shaba," alisema.

"Huna hata kipande?"

"Hata kipande." Na nyuma yake nasikia msumeno unakata shaba! Naujua mlio wake. Niliishi na msumeno kabla sijaishi na watoto.

Nikapiga Nadi. "Hatuna." Mkulima akachukua bushi yake akaenda zake. Baada yake akaja mwingine, naye akaenda. Munesh alikaa juu ya lundo lake, mikono magotini.

"Umezungukwa na vyuma," nikamwambia, "na huna chuma. Tutafunga, Munesh. Msimu haujafika nusu, tutafunga. Nenda ukaombe msamaha."

"Nitampigia simu Losalini."

"Simu? Mama wa watu kakosa kumzika ndugu yake, wewe unataka kupiga simu? Vaa shati safi!"

Tulipita sokoni tukanunua mizizi ya yangona, ile ya kinywaji cha heshima, fungu zuri, limefungwa vizuri. Hapa huombi msamaha mkono mtupu. Tukakaa kwenye mkeka nyumbani kwa Bibi Vasiti, mama yake Losalini. Munesh aliweka fungu mbele yake, akainamisha kichwa.

"Mama, nilisema nakijua chuma kile, kumbe sikukijua," alisema. "Kosa ni langu. Nisamehe."

Nilimtazama. Angalau hapo hakuitaja ile kung'aa.

Bibi Vasiti aligusa mizizi, akapiga makofi mazito, maana yake amepokea. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Najua hukukusudia."

Nikadhani yameisha. Lakini Losalini alikuwa bado amekunja uso.

"Mama amesamehe, na mimi nimesamehe," alisema. "Ila stoo yangu haijui msamaha. Stoo inataka kujua chuma hiki ni nini. Kesho nakuja kuona uwanja wako. Mpaka nitakaporidhika, usimuuzie mtu kitu."

Alikuja kweli, na viatu vya kazi na kopo la rangi. Alisimama mlangoni, akavitazama vyuma, akanitazama mimi.

"Dada Premila, unaishije hapa?"

"Kwa maombi," nilisema.

Akaanza kuuliza. Aligusa chuma kimoja. "Hiki ni chuma gani?"

"Hicho ni cha kazi ya pampu," Munesh alijibu.

"Sikukuuliza kazi. Nimekuuliza chuma."

"Ni... kigumu kidogo."

"Hiki?"

"Hicho nilipewa na binamu yangu."

"Binamu yako nimemuuliza? Chuma gani?"

Munesh akakuna kichwa. Akaleta sumaku. "Sumaku itaniambia. Kikishikwa na sumaku, si stenlesi nzuri."

Losalini akatoa vipande viwili mfukoni. Vilikuwa mapacha, rangi ileile, mng'ao uleule. "Kimoja cha baharini, kingine cha nchi kavu," alisema. "Niambie kipi ni kipi."

Munesh akaweka sumaku. Haikushika hiki wala kile. Akavigeuza. Akavigonga. Halafu akavinusa. Alivinusa, nawaambia! Mume wangu mzima ananusa chuma kama papai.

"Umeona?" Losalini alisema. "Stenlesi ziko nyingi. Kuna inayokerezeka kwa urahisi kwenye mashine. Mafundi wanaipenda, nayo inafaa pampu za maji matamu. Ukiitia baharini, chumvi inaila. Kuna nyingine inavumilia chumvi. Macho hayajui tofauti, na sumaku haijui."

"Na cheche?" Munesh aliuliza. "Nikikisugua kwenye jiwe la kunolea, natazama cheche."

"Cheche husaidia kwa vyuma vingine, ukiwa na mazoezi. Hata hivyo ni kukisia. Mtu hapandi boti ya kukisia."

"Basi mtu atajuaje?" nilimuuliza. Nilikuwa nimechoka na mafumbo.

"Kinapotoka kwa muuzaji, kinakuja na jina. Ncha moja imepakwa rangi, au imepigwa mhuri wa namba, na karatasi yake ina namba hiyohiyo." Akamgeukia Munesh. "Sasa hebu kata chuma kimoja, kama unavyokata siku zote."

Munesh akafurahi kupata kazi anayoiweza. Akavuta chuma kipya kutoka kwenye kichanja. Ncha yake ilikuwa na rangi ya buluu. Akaisukuma ncha hiyo kwenye msumeno, akakata. Kipande chenye buluu kikaanguka sakafuni. Kirefu kikarudi ukutani.

"Simama hapo!" Losalini alipiga kelele. "Umeona ulichofanya?"

"Nimekata."

"Umekata jina! Hicho kifupi utakikereza, utampa mteja, na rangi inakwenda naye. Hiki kirefu kilichobaki kinaitwa nani sasa?"

Munesh alitazama kile kirefu. Hakikuwa na rangi mbele, hakikuwa na rangi nyuma. Akatazama ukuta wote. Vyuma karibu vyote vilikuwa hivyo.

"Kwa nini unakata upande huo?" Losalini aliuliza.

"Ndio ulio karibu na msumeno," Munesh alisema polepole.

Loo! Miaka yote ile! Boti imekatika, mazishi yamekoswa, wenzetu wametutenga, na sababu ni mwanamume mmoja kuona uvivu kugeuza chuma. Sikujua nicheke au nilie. Nilitoka nje nikachemsha chai kwa hasira.

Niliporudi, Losalini alikuwa anafundisha na Munesh anasikiliza, jambo nisiloliona mara nyingi.

"Kwanza, chuma kikiingia, kigeuze," alisema. "Upande wenye rangi uelekee ukutani, usio na rangi uelekee msumeno. Hapo hata ukiwa na usingizi utakata mahali salama. Upande wenye rangi unabaki mpaka mwisho."

"Na kikibaki kifupi?"

"Kinabaki na jina lake. Kifupi chenye jina kinauzwa. Kirefu kisicho na jina ni chuma chakavu tu. Pili, kila muuzaji ana rangi zake. Buluu ya huyu si buluu ya yule. Kwa hiyo andika na jina la chuma chenyewe, kwa kalamu ya rangi isiyofutika. Andika unene na urefu. Tatu, tunza karatasi yake. Ukimuuzia mwenzako, mpe nakala."

"Na hivi visivyo na jina?" Munesh aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tengeneza miguu ya meza. Tengeneza bawaba za mageti. Vinavyobaki, waite watu wa chuma chakavu. Na kama kipo unachokipenda sana, kata kipande kipeleke kwenye maabara ya mji mkuu, Suva. Wana mashine inayosoma chuma. Utalipia, lakini utajua."

Kazi ile ilitumaliza. Tulitoa vyuma vyote uwanjani. Chenye rangi tulikiweka huku. Chenye mhuri tulikitafutia karatasi yake. Vyote vingine, kule. Na kule kulikuwa kwingi, ndugu zangu. Gari la chuma chakavu lilipokuja, Munesh alisimama kando amevua kofia, utadhani anaaga jamaa.

"Hicho nilikipata mwaka aliozaliwa Rohit," aliniambia. Rohit ni mwanetu.

"Rohit tunaye bado. Kiache kiende."

Kimoja hakukiacha. Kilikuwa cha stenlesi, kinene, kinang'aa mno, hakina rangi wala mhuri. Alikiweka peke yake pembeni, akakifunga kitambaa chekundu. "Hiki sikiuzi mpaka nikijue," alisema. Nikamwacha. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Losalini alirudi kukagua. Alitembea polepole mbele ya kichanja. Alisoma majina. Alivuta chuma hiki na kile kuona rangi kule nyuma. Halafu akakiona kile chenye kitambaa, akasimama.

Akachukua tepu, akapima unene, akapima urefu.

"Kaka Munesh," alisema, na sauti yake ilibadilika. "Nina boti imevutwa nchi kavu, iko juu ya reli. Inataka shafti ya unene huu hasa. Nimetafuta Nadi, nimetafuta Ba, hakuna. Meli bado sana. Wenye boti wananipigia kelele kutwa. Hiki ni cha baharini?"

Nilisimama karibu na mlango. Hii ndiyo nafasi yetu! Losalini mwenyewe, aliyetufungia mlango, amekuja anataka kununua. Aseme neno moja tu, ndiyo, na tumerudi kwa wenzetu. Na mimi kwa macho yangu nakiona ni kizuri, kizuri kabisa.

Munesh alifuta mikono.

"Sikijui," alisema.

"Unadhani ni nini?"

"Nadhani ni cha baharini. Nilikinunua pamoja na vingine vya baharini. Lakini nadhani tu."

"Munesh..." nilimnong'oneza. Nilitaka kumfinya.

"Premila, sikijui!" alisema kwa nguvu. "Sikiuzi."

Losalini alimtazama, akanitazama, akakunja tepu yake. "Haya," alisema. Akaaga, akaondoka.

Nilimsema mume wangu siku ile! Nilimsema jikoni, nilimsema uwanjani. Nilimwambia mtu akikuletea riziki mlangoni humfukuzi. Miaka yote umesema una hakika na huna, leo ndiyo unachagua kutokuwa na hakika? Munesh alichukua msumeno wa mkono, akakata kipande chembamba cha kile chuma, akakifunga kwenye karatasi, akakipeleka stendi ya basi la Suva.

Simu ya maabara niliipokea mimi. Mtu wa Suva alizungumza taratibu, akasoma majibu mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie.

Nilikwenda mashineni. Munesh akaizima.

"Wamesemaje?"

"Cha nchi kavu," nilisema. "Ni kilekile, Munesh. Kama kile kilichokatika."

Alikaa chini. Mimi pia nilikaa. Nilimfikiria Bibi Vasiti ndani ya boti, na bahari pande zote. Nilifikiria boti nyingine, watu wengine, na mimi pale mlangoni nikitaka kumfinya mume wangu aseme ndiyo.

Munesh akachukua kalamu ya rangi. Akaandika jina la chuma kile kwenye ncha, na chini yake akaandika: SI CHA BAHARINI. Kisha akaniambia nimpigie Losalini, nimweleze majibu yote.

Losalini alisikiliza mpaka mwisho. "Nitangoja meli," alisema. "Mwambie asante." Akakata simu.

Hatukujua amewaambia nini wenzake. Lakini haukupita muda, gari likasimama nje. Alishuka yule fundi wa Ba, aliyeniambia hana hata kipande. Mkononi alikuwa na shaba nene, ncha yake imepakwa rangi ya kijani. Alikuwa na aibu kidogo, na mimi nilimwacha aone aibu vizuri kabla sijamkaribisha.

"Nimekuja kubadilishana," alisema. Akamgeukia Munesh. "Losalini anasema ulikataa kumuuzia chuma, naye ana shida nacho."

"Nilikuwa sikijui," Munesh alisema.

Fundi wa Ba aliiweka shaba yake juu ya meza yetu.

"Basi nionyeshe vyuma unavyovijua," alisema. "Vyote nitakavyochukua, sitakuuliza mara ya pili kama una hakika."